Mchukuzi wa Usufi na Kite cha Mkewe

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mmeusikia msemo huu asubuhi ya leo pale kisimani, Bi Zuhura akimtupia yule kijana aliyesema kwamba kufua nguo si kazi ya kumchosha mtu. Mkacheka wee, kisha mkaja mbio kuuliza nani aliyeusema kwanza, na kwa nini usufi, kwa nini usiwe unyoya au makapi ya mpunga. Swali zuri. Kaeni. Mwenye uji amalize kwanza, maana uji na kicheko vikikutana hupandia puani.

Msemo huu ulizaliwa hivi. Ulizaliwa siku ambayo Mhando, mchukuzi wa usufi, alikuwa mjinga. Wala hakusingiziwa. Mwenyewe, hata alipokuwa mzee wa kutafuna kwa ufizi, ukimuuliza habari za siku ile alikuwa akianza kwa kusema, "Mjinga wa kwanza nilikuwa mimi. Sasa kaa nikutajie waliofuata."

Mhando alikaa Kwamgogo, kijiji kilichozungukwa na misufi mirefu. Kila kiangazi matunda ya misufi yalipokauka na kuanza kupasuka, watu waliyaangusha kwa upondo, wakayabangua, wakaupiga usufi kwa fimbo mpaka mbegu zikatoka, kisha wakaushindilia kwenye makanda ya ukili. Kazi ya Mhando ilikuwa kuyachukua makanda hayo kichwani, moja moja, hadi mjini kwa washona magodoro. Kanda moja lilikuwa kubwa kuliko banda la kuku. Ukimwona kwa mbali ungedhani nyumba imeota miguu inahama. Lakini ninyi mmelalia mito ya usufi tangu utotoni, mnajua. Ukubwa wote ule, uzito hamna.

Na Mhando alikuwa mtu wa mzaha. Njiani peke yake alikwenda akipiga mluzi. Akiona mtu anatokea mbele, mluzi unakatika, magoti yanalegea, shingo inazama mabegani, na kite kinaanza: "Aah! Ooh! Mama yangu, mgongo! Mgongo huu, jamani!" Watu wa vijiji vya mbele, wasiojua usufi ni kitu gani, walimwonea huruma. Mmoja alimpa maji, mwingine kipande cha muhogo wa kuchoma. Bibi mmoja alikuwa akimpisha kwenye kigoda chake kila alipopita, yeye bibi, na miguu yake ilivyovimba, akasimama. Mhando akishapinda kona hulirusha kanda juu kama mpira, akalidaka, akacheka mpaka akashika mbavu.

Mzaha ule haukumwumiza mtu, labda yule bibi. Aliyeumia hasa ni Mhando, ila hakujua. Mtu akila muhogo wa kite cha uongo miaka nenda miaka rudi, mwisho huamini kwamba vite vyote ni vya uongo. Mhando akipita nyumba akasikia mgonjwa anagumia ndani, jambo la kwanza kumjia kichwani lilikuwa: huyu naye anataka nini?

Basi mkewe, Mwanahawa, akashika mimba ya kwanza.

Kwamgogo ya siku hizo haikuwa na zahanati wala sindano ya ganzi. Ilikuwa na Bi Siwema, mkunga, mwanamke mfupi mwenye viganja vipana, aliyewapokea duniani karibu nusu ya watu wa kijiji. Mhando mwenyewe alipokelewa na viganja vile, na Bi Siwema hakumwacha asahau. Alikuwa na majani ya homa, ya mchango, ya macho mekundu. Mwanahawa alipomwendea, akamuuliza kwa sauti ya chini kama lipo na la kuzuia uchungu wa kuzaa, kwa sababu alikuwa anaogopa.

"Halipo," akasema Bi Siwema. "Wapo watakaokupa jani wakuambie ndilo. Wakikupa, pokea, ungia mchuzi."

"Sasa mimi nitafanyaje, mama?"

"Utajifunza, mwanangu. Uchungu hakuna mtu anayeweza kukuzuilia. Lakini mtu hangoji mvua imnyeshee ndipo akatafute jembe la kulimia."

Tangu siku hiyo, kila jua lilipopoa, Mwanahawa alikwenda kwa Bi Siwema. Aliambiwa akibangua usufi asikalie kigoda, achuchumae, nyonga zizoee. Aliambiwa atembee hata siku anayoona uvivu. Alifundishwa kutoa pumzi polepole, kama mtu anayepuliza jiko na hataki majivu yamrukie. Zaidi ya yote alifundishwa kulegea. Bi Siwema alikuwa akimfinya paja kwa vidole vyake vile, akamwambia, "Usikaze. Legeza taya. Legeza mabega. Viganja navyo, unavifumba unamshika nani?" Mwanahawa alikuwa akitoka huko mapaja yana madoa, na anacheka.

"Halafu kuna sauti," Bi Siwema alimwambia siku moja. "Kama nina dawa, ni hiyo. Nisikilize vizuri. Si mayowe ya juu. Hayo hukaza koo, na koo likikaza na huko chini hukaza. Sauti yako itoke tumboni, nzito, ndefu, kama ng'ombe anayemwita ndama wake. Uchungu ukija, panda juu ya sauti hiyo ikuvushe. Uchungu ukiondoka, nyamaza, pumzika, usikae mlangoni kuungoja. Na nyuma yako awepo mtu wa kumwegemea."

Wa kuegemewa alikwisha patikana. Mama yake Mwanahawa, aliyekaa ng'ambo ya mto, aliahidi kuja mwezi mpya ukiandama.

Iliyobaki ni sauti. Mwanahawa akaanza kujizoeza nyuma ya nyumba, mikono kiunoni, macho kafumba. "Mmmooo..." Mara ya kwanza mbuzi wa jirani waliitikia. Mara ya pili aliitikia Mhando, ambaye alikuwa ndio kwanza anarudi kutoka mjini.

"Kuna nini huku?"

"Najifunza kuzaa."

"Kwa kulia kama ng'ombe aliyepotea?"

"Bi Siwema amesema sauti—"

"Bi Siwema anataka kijiji kizima kijue kwamba yupo kazini!" Mhando alitua kanda lake, akaliegemea. "Sikiliza, mke wangu. Kite mimi nakijua, kite ndiyo kazi yangu. Kite ni cha kuombea maji. Wanawake wanazaa tangu enzi za Bibi Hawa. Ingekuwa shida kama mnavyosema, si wangekwisha acha?"

Mwanahawa akacheka, maana Mhando alikuwa anachekesha hata pale alipokosea. Kisha kicheko kikamwishia.

"Mume wangu, mimi naogopa," akasema. "Nimeomba jani, nimeambiwa halipo. Nimebaki na sauti hii. Usininyime."

Mwanamume mwingine hapo angekaa kimya, hata kama hakuelewa. Lakini Mhando alikuwa amejifunga mwenyewe kwa maneno. Kwamgogo kulikuwa na fahari ya kijinga: mwanamke akijifungua bila kusikika, mumewe hutembea kifua mbele, kana kwamba aliyejizuia ni yeye. Rafiki yake Mhando, Mbelwa mfua chuma, alikuwa akijisifu kila siku barazani kwamba mkewe alizaa kimya hata kuku aliyekuwa akiatamia chini ya kitanda hakushtuka. Mhando hakukubali kushindwa na kuku. Aliwaambia wote waliokuwapo kwamba wa kwake atazaa kimya kuliko huyo, na Mwanahawa alikuwa hajaulizwa.

"Nimekwisha waambia wenzangu hutasikika," akasema. "Usinitie aibu. Hayo ya kutembea na kuchuchumaa endelea nayo. Ya kelele acha. Niahidi."

Mwanahawa alikuwa kijana, na alimpenda mumewe. Akaahidi.

Bi Siwema aligundua siku iliyofuata, kwa kuwa mwanafunzi wake alipuliza pumzi vizuri, akalegeza mabega vizuri, lakini sauti ilipotakiwa akafumba mdomo. "Mume wangu hapendi," akasema Mwanahawa. Bi Siwema akatema mate pembeni. "Basi azae yeye," akasema. Zaidi ya hapo hakutaka kuingilia ndoa ya watu.

Mwaka ule vuli ilikuja na hasira. Mto ulifura, ukameza daraja la magogo. Na asubuhi moja, mwezi mpya haujaandama bado, Mwanahawa alisimama kutoka jikoni, akashika mwimo wa mlango, akabaki hapo hapo. Mhando alikuwa uani akifunga kanda lake tayari kwa safari. Alipomwona mkewe akipuliza pumzi kama mtu aliye mbele ya jiko, na jiko hakuna, aliacha kamba akakimbia kumwita Bi Siwema.

Mama mkwe hakuweza kuvuka. Majirani wanawake wote walikuwa wameteremka bondeni kupanda, mvua isije ikawapita. Bi Siwema aliingia ndani peke yake, akafunga mlango. Mhando akakaa barazani kwake, na habari haikuchelewa kumfikia Mbelwa, akaja na wazee wawili, wakakaa naye.

Wakasikiliza. Walisikia maji yakimiminwa. Walisikia Bi Siwema akisema neno. Basi.

"Mnasikia?" akauliza Mhando.

"Hatusikii kitu," akasema Mbelwa.

"Hicho hicho ndicho nilichowaambia mtasikia."

Wakacheka. Asubuhi ikapita. Jua likafika utosini, na ndani kimya kile kile, mpaka wazee wakaanza kutazamana, kwa kuwa kimya nacho kikizidi hakina raha. Mhando aliacha kutania. Alijaribu kusema jambo la kuchekesha kuhusu kuku wa Mbelwa, likamfia mdomoni.

Mlango ukafunguka. Bi Siwema alikuwa amelowa jasho mpaka kilemba.

"Mhando, ingia."

Mhando akageuka kutazama nyuma yake, kama kwamba kulikuwa na Mhando mwingine. "Mimi? Bi Siwema, mwanamume haingii huko."

"Mama mkwe wako yuko ng'ambo anautazama mto. Majirani wako bondeni. Mkeo hawezi tena kukaa, anataka mgongo wa kuegemea, na mimi mikono yangu miwili yote ina kazi. Wewe mgongo unao, huna?"

"Ninao."

"Kila siku unautaja njiani. Ulete."

Wazee wakainamisha vichwa. Mhando akaingia.

Aliambiwa aketi juu ya mkeka, aegemee ukuta, amwegeshe mkewe kifuani, apitishe mikono chini ya makwapa yake, amshike. Mwanahawa alikuwa na pindo la kanga kati ya meno. Uso ulikuwa umempauka. Alipomwona mumewe alijaribu kutabasamu, ikashindikana.

Mhando akamshika kama anavyoshika kanda, kwa wepesi. Kisha uchungu ukaja.

Alihisi mwili wa mkewe unageuka jiwe mikononi mwake, kuanzia mgongoni kwenda mbele. Miguu ikasukuma udongo, kichwa kikampiga kidevuni, na uzito wote, wa watu wawili, ukamlalia kifuani mpaka pumzi ikamtoka. Vidole vya Mwanahawa vikamzama mikononi. Na katika yote hayo hakutoa sauti. Alitetemeka tu, kama chungu kilichofunikwa kinachochemka. Uchungu ukaondoka. Mhando akagundua kwamba aliyegumia alikuwa yeye, na hakuwa akimwomba mtu maji.

"Ni... ni hivi tangu asubuhi?" akauliza.

"Tangu asubuhi," akasema Bi Siwema. "Mwili unafungua, yeye anafunga. Kila kitu nilichomfundisha amekifanya, isipokuwa kimoja, na hicho ndicho kingemlegeza. Sasa nguvu zinamwishia. Mtoto yuko njiani, Mhando, lakini mama akichoka hapa tulipo, mimi sina jani. Nimemsihi atoe sauti. Anasema ameahidi."

"Amemwahidi nani?"

Bi Siwema akamnyooshea kidevu.

Uchungu mwingine ukaanza kuja. Mhando aliuhisi kabla haujafika, mgongo wa mkewe ulivyoanza kukaza. Akainama, akamtoa ile kanga mdomoni kwa vidole vyake.

"Toa sauti," akasema.

Mwanahawa akatikisa kichwa. "Watu wako nje."

"Waache wawe nje. Toa, mke wangu. Yale niliyosema ni upuuzi, nimeyafuta. Toa mpaka mama akusikie ng'ambo ya mto."

Mwanahawa akavuta pumzi. Kilichotoka hakikuwa yowe. Ilikuwa sauti nzito, ndefu, iliyotoka chini kabisa, na Mhando aliisikia ikipita kifuani mwake kabla haijafika masikioni. Mbuzi wa jirani wakaitikia. Barazani wazee walisimama. Na pale kwenye mkeka lile jiwe, kwa mara ya kwanza siku ile, likalegea kidogo: mabega yakashuka, vidole vikaachia.

"Ndiyo hiyo," akasema Bi Siwema. "Ndiyo hiyo, mwanangu. Panda. Ikuvushe."

Haikuwa rahisi baada ya hapo. Msije mkadhani sauti ni uchawi. Uchungu ulikuwa ule ule, labda ulizidi. Lakini sasa Mwanahawa alikwenda nao badala ya kupigana nao, na ulipoondoka alilala kifuani kwa mumewe kama mtoto, mpaka ulipomwita tena. Mhando hakuthubutu kubadili mkao. Miguu ilikufa ganzi, mabega yaliwaka moto, jasho lilimwingia machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta. Kila Mwanahawa alipotoa sauti, Mhando naye aliitoa, hakujua kama anamsaidia yeye au anajisaidia mwenyewe. Bi Siwema hakumwambia anyamaze.

Wanawake walipopanda kutoka bondeni, majembe mabegani, waliwakuta wazee barazani wamesimama kama watu waliosahau walikokuwa wakienda, na ndani mtoto analia. Alikuwa msichana, mwenye koo la kusikika.

Siku ya saba, mtoto alipotolewa nje kama ilivyo desturi, watu walikusanyika kula ubwabwa. Mwanahawa alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni, mtoto mapajani, anapokea pongezi. Mhando alikuwa barazani na wenzake, hajachukua kanda tangu siku ile, kwa sababu mikono ilikuwa haipandi juu ya mabega.

"Bwana wee," akasema Mbelwa, mdomo umejaa ubwabwa, "kile kite kilinikuta palepale barazani kwako. Kuku wangu mwenyewe, kule nyumbani, nasikia ameacha mayai."

Watu wakacheka. Mhando pia alicheka, ila kidogo.

"Kilikuwa cha haki," akasema. "Mbelwa, hujui. Mimi nilikuwa ndani. Nimebeba, ndugu yangu. Tazama mikono hii! Mpaka leo sichani nywele. Mgongo huu, jamani..."

Hapo kicheko kikalipuka kwelikweli. Mzee mmoja akapaliwa. "Mgongo huu, jamani!" wakamwigiza. Mbelwa akasimama, akalegeza magoti, akazamisha shingo mabegani: "Aah! Ooh! Nipeni muhogo!"

"Sitanii!" akasema Mhando.

"Wewe si uliketi? Umeketi juu ya mkeka, ukuta nyuma yako, umemshika mtu. Hiyo nayo kazi? Mimi nafua chuma kutwa nzima."

"Mbelwa, nakuapia, nilidhani nakufa."

"Kite chako tunakifahamu sisi. Mpeni kigoda, maskini!"

Mhando akasimama, uso umemwiva. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa na maumivu ya kweli, na hapakuwa na hata mtu mmoja wa kumwamini. "Wewe hukuwepo!" akafoka. "Utajuaje uzito wa kitu ambacho hukukibeba?" Akamgeukia mkewe. "Mwambie, Mwanahawa. Wewe ulikuwepo. Mwambie huyu nilichobeba siku ile!"

Watu wakageuka mlangoni kungoja. Mwanahawa alimaliza kwanza kumpangusa mtoto mdomo.

"Mwache, mume wangu," akasema. "Mbelwa anasema uliyokuwa ukisema wewe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi."